Ba, be, bi, bo, bu: historia fupi ya kusoma Ukambani

Ukifika Zombe na umpate mtoto wa gredi ya pili ana kitabu mkononi, usimwambie aanze ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza atakuimbia kama wimbo, kidole kikiteleza juu ya maneno ambayo wala si yale anayoyatamka. Fungua katikati. Funika picha kwa kiganja. Mwonyeshe neno moja tu, tuseme "kikombe", kisha unyamaze. Hapo ndipo utajua kama mtoto anasoma ama anakumbuka.

Zombe, kwa msomaji ambaye hajafika, ni soko lililo mashariki mwa mji wa Kitui, upande wa kaunti unaotazama Tana River. Ni nchi ya ndengu, mbuzi na mito ya mchanga. Nilianza shule huko wakati kitabu kimoja kiligawanywa na watoto watano, na mwenye bahati alikuwa yule wa katikati, kwa sababu wa pembeni waliona nusu ya ukurasa. Mwalimu alisoma sentensi, sisi tukaitikia. Darasa zima lilitoa sauti nzuri mno. Shida ya kwaya ni kwamba hakuna anayejua nani amenyamaza, na nani anafungua mdomo tu.

Sasa naishi Nairobi, na nikiwa na wenzangu wanaopenda vitabu nasikia neno moja mara kwa mara: ati mtoto akizungukwa na vitabu, kusoma kutakuja kwenyewe. Wanaposikia kwamba siku hizi mwalimu wa gredi ya kwanza ana mwongozo unaomwambia Jumanne afunze sauti gani na Jumatano silabi gani, wanakunja uso. Kwani mwalimu amekuwa mashine? Nawaelewa. Lakini historia ya Ukambani inanivuta upande mwingine. Kwetu, kila mara kusoma kuliposhika, kulikuwa na mtu aliyekufunza hatua baada ya hatua. Na kila mara hatua hizo ziliporukwa, watoto walirudi kuwa kwaya.

Tuanze na kitabu kilichokuja kabla ya wasomaji. Mwaka 1849 mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alitembea kutoka pwani hadi Kitui, akapokelewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Ni akiwa Kitui, Desemba mwaka huo, ndipo alipouona Mlima Kenya kwa mbali. Mwaka uliofuata, 1850, Injili ya Marko kwa Kikamba ikachapishwa Tübingen, Ujerumani. Fikiria hilo kidogo. Kikamba kilikuwa na kitabu kilichopigwa chapa wakati ambapo Ukambani hapakuwa na shule hata moja ya kumfunza mtu kukisoma. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa safarini kuelekea mto Tana, Krapf akanusurika na kurudi pwani, na kitabu kile kikabaki bila watu wake. Kwa hiyo wazo kwamba ukiweka kitabu mahali wasomaji watatokea lilijaribiwa kwetu mapema sana, na halikuzaa kitu.

Wasomaji walianza kupatikana zaidi ya miaka 40 baadaye, walipokuja watu wa kukaa na kufunza. Walutheri wa Ujerumani walijenga vituo Ikutha na Mulango, upande wa Kitui. Africa Inland Mission ilianza kazi Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895, chini ya Peter Cameron Scott, aliyefariki mwaka mmoja tu baadaye. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa Wajerumani, Mulango ikaingia mikononi mwa AIM. Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956.

Watu walioenda kwenye vituo hivyo waliitwa asomi, yaani wasomaji. Jina hilo lilikuwa na maana ya Mkristo na maana ya mtu anayejua herufi kwa pamoja, kwa sababu misheni nyingi zilimtaka mtu ajue kusoma kabla hazijambatiza. Kusoma hakukuwa jambo la ziada, ndio uliokuwa mlango wenyewe. Na mlangoni hukupita na kundi. Ulisimama peke yako, ukaonyeshwa mstari, ukausoma.

Njia yao ilikuwa nyepesi. Kwanza irabu. Kisha konsonanti moja ikawekwa mbele ya kila irabu: ba, be, bi, bo, bu. Kisha nyingine. Kisha silabi mbili zikaunganishwa kuwa neno. Wengi tunaicheka njia hii leo, tunaona ni ya kizamani, lakini inalingana na lugha zetu kama kifuniko na chungu chake. Katika Kikamba, kama ilivyo katika Kiswahili, silabi karibu zote huishia kwa irabu, na herufi moja husomeka vilevile popote utakapoikuta. Mtu akizishika silabi, ameshashika kila neno la lugha, hata neno ambalo hajawahi kuliona. Kiingereza hakikupi zawadi hiyo. Jaribu kumweleza mtoto kwa nini "though" na "tough" hazifanani kwa sauti.

Susu yangu, mama yake baba, hakuingia darasa la shule hata siku moja. Alifunzwa kusoma kanisani akiwa mke wa mtu, na hadi macho yalipomkatalia alisoma Biblia ya Kikamba kila jioni, kidole kikitembea pole pole. Ukimpa ukurasa wowote, anausoma. Siku moja nilimpa gazeti la Kiswahili kutoka mjini. Alilisoma kwa sauti bila kukwama, halafu akacheka, akaniuliza alichosoma kinasema nini. Mlango wa sauti alikuwa ameufungua mwenyewe. Lililobaki lilikuwa lugha. Nitarudi kwa jambo hilo, maana ndilo lililo zito zaidi.

Sitaki kuisifu misheni kupita kiasi. Wengi walifunzwa kusoma ili waweze kutii walichosoma, wasichana walibaki nyuma, na fimbo ilikuwa sehemu ya somo. Hata hivyo mlango ukishafunguliwa, aliyeufungua hawezi kuamua nani atapita na kwenda wapi. John Mbiti alizaliwa Mulango mwaka 1931. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha hadithi kwa Kikamba, Mũtũnga na Ngewa Yake. Baadaye akawa mmoja wa wanatheolojia wakubwa wa Afrika, na mwaka 2014, akiwa mzee, likatoka Agano Jipya la Kikamba alilolitafsiri mwenyewe moja kwa moja kutoka Kigiriki. Kituo kilichojengwa na wageni ili watu wasome tafsiri ya wageni kilitoa mtu wa kuitafsiri upya.

Basi tulipoteza wapi? Hakuna siku moja unayoweza kuinyooshea kidole. Mwaka 1957 Nairobi ilianza kujaribu mpango ulioitwa New Primary Approach: mtoto aanze kufunzwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Katika shule chache za mjini, ukiwa na walimu waliofunzwa vizuri, vifaa na wakaguzi wa karibu, mpango ulipendeza. Tume ya Ominde ya mwaka 1964, ikitafuta elimu ya taifa jipya, iliunga mkono Kiingereza tangu mwanzo, na katika miaka hiyo ya 60 mpango ukasambazwa haraka. Kilichosafiri hadi vijijini kilikuwa lugha na vitabu. Mafunzo na wakaguzi hawakusafiri kwa kasi hiyo. Mwalimu wa mashambani akajikuta anafunza kusoma kwa lugha ambayo mtoto haijui, na ambayo herufi zake hazitabiriki. Afanye nini? Asome, waitikie.

Baadaye serikali ilijirekebisha kwenye karatasi. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilitaka watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya eneo lao. Taasisi ya Elimu ya Kenya ikatoa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu katika lugha nyingi, Kikamba kikiwemo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa. Lakini kusoma kwenyewe, kama ufundi unaofunzwa hatua kwa hatua, kukawa hakuna mwenyewe. Kulikuwa na somo la Kiingereza na somo la Kiswahili, lenye sarufi, imla, utungaji na methali. Kwenye ratiba, mtoto alidhaniwa anajua kusoma tayari.

Kisha milango ikafunguliwa. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki iliondoa karo ya shule za msingi, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Ilikuwa furaha ya kweli. Upande wetu waliingia watoto waliokuwa wakichunga mbuzi, na wengine walikuwa na ndevu. Ila mwalimu aliyekuwa na watoto 40 sasa alikuwa na 80, na kwaya yenye watu 80 ni kubwa kweli kweli.

Aliyeizima muziki ni Uwezo. Kuanzia mwaka 2009, watu wa kujitolea wa mpango huo walikwenda nyumba kwa nyumba, si shule kwa shule, wakiwa na karatasi yenye herufi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Walimkalisha mtoto mmoja mmoja. Matokeo yaliposomwa hadharani, nchi ilishtuka: karibu 3 tu kati ya kila watoto 10 wa darasa la tatu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Wazazi waliosikia watoto wao wakiimba vitabu jioni hawakuamini. Lakini Uwezo walikuwa wamefanya jambo dogo tu. Walifungua katikati, wakanyamaza.

Hapo ndipo historia inanivutia zaidi, kwa sababu safari hii Kenya haikuruka moja kwa moja kwenye jibu. Kati ya 2011 na 2014 Wizara ya Elimu, ikishirikiana na shirika la RTI na kwa fedha za Marekani na baadaye Uingereza, iliendesha jaribio liitwalo PRIMR. Sehemu moja ya jaribio iligawanya shule katika makundi. Kundi la kwanza walimu walipewa mafunzo na afisa wa kuwatembelea darasani. Kundi la pili walipewa hayo pamoja na kitabu kimoja kwa kila mtoto. Kundi la tatu walipewa yote mawili, pamoja na mwongozo wa mwalimu uliopanga kila somo, siku kwa siku. Mafunzo peke yake yalisogeza watoto kidogo. Vitabu viliongeza. Mwongozo ndio uliosukuma watoto zaidi ya yote, na kwa gharama ndogo ukilinganisha na kilichopatikana.

Soma hilo tena kama wewe ni mmoja wa wale wenzangu wanaokunja uso. Kitu walichokiogopa kuliko vyote, kile kijitabu kinachomwambia mwalimu leo aanzie wapi, ndicho kilichomsaidia zaidi mtoto aliyekaa nyuma.

Kulikuwa na jaribio lingine, na hili lilitugusa kwa jina. Katika kaunti za Machakos na Bungoma, shule kadhaa zilifunza kusoma kwa lugha ya nyumbani pia, Kikamba kule na Lubukusu huku, kwa vitabu na miongozo ya mtindo uleule. Watoto waliopata masomo hayo walisoma lugha yao vizuri kuliko wenzao. Kwa Kiingereza na Kiswahili, hata hivyo, hawakuwashinda watoto waliokuwa kwenye PRIMR ya kawaida. Kila upande ulichukua nusu ya habari inayoufaa. Mimi nasoma hivi: mtoto husoma vizuri lugha ambayo amefunzwa kuisoma. Hakuna lugha inayojifunza yenyewe mgongoni mwa nyingine.

Mwaka 2015 jaribio likageuka kuwa Tusome, likaingia shule zote za umma nchini kwa darasa la kwanza, kisha la pili na kuendelea. Zombe ikapata ilichopata Westlands: kitabu kimoja kwa mtoto mmoja, cha Kiswahili na cha Kiingereza, na mwongozo mezani kwa mwalimu. Somo lina mwendo wake. Mwalimu anatamka sauti wakiwa wanasikiliza. Wanatamka naye. Halafu wanatamka wenyewe, na mwisho mmoja mmoja. Sauti zinakuwa silabi, silabi zinakuwa maneno, maneno yanakuwa hadithi fupi. Ba, be, bi, bo, bu imerudi, sasa ikiwa na picha za rangi na hadithi ambayo haidai ubatizwe.

Afisa wa elimu naye alikuja na tableti. Alikaa nyuma, akatazama somo, kisha akachagua watoto watatu bila kumuuliza mwalimu ni nani hodari, akamsikiliza kila mmoja akisoma. Kipimo kilikuwa kimewekwa tangu 2012: maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika ndiyo yanayohesabiwa kuwa kusoma kwa ufasaha, na 65 kwa Kiingereza. Nauli yake aliilipwa baada ya kutuma alichokiona. Jambo dogo, lakini muulize mwalimu yeyote wa zamani ni mara ngapi mkaguzi alifika darasani kwake kwa barabara ya vumbi. Tathmini ya mwaka wa kwanza ilionyesha kwamba watoto wasioweza kusoma hata neno moja walipungua sana.

Sasa nirudi kwa susu na gazeti lake. Tusome ni ya Kiswahili na Kiingereza. Mtoto wa Kayole anapokutana na neno "ndege" juu ya mti, anajua ni nini. Mtoto wa Zombe anaweza kulisoma sawasawa, nde-ge, bila kukosea, na akawa anashangaa injini imetulia vipi kwenye tawi, kwa sababu kwa Kikamba ndege wa kwenye mti ni nyũnyi, na hiyo nyingine ni ile inayopita juu ikielekea Nairobi. Kikamba pia hakina sauti ya r. Kura na kula husikika mamoja kwa sikio ambalo halijafunzwa, na msinianzishie utani kuhusu wanasiasa wetu.

Mwongozo uliopigwa chapa Nairobi haujui hayo. Anayeyajua ni mwalimu. Shangazi yangu alifunza madarasa ya chini kwa miaka mingi, kabla ya Tusome na baada yake. Nilipomuuliza kama mwongozo ulimfanya mashine, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama ramani humfanya mtu kipofu. Alinieleza kwamba zamani jioni nzima iliisha akifikiria kesho afunze nini, na mara nyingi alifunza kilekile alichokifunza wiki jana kwa sababu ndicho alichokuwa na kitabu chake. Mwongozo ulimwondolea kazi hiyo. Nguvu iliyobaki aliitumia kumtafuta mtoto aliyenyamaza, na kusema "nyũnyi" pale kitabu kiliposema ndege. Neno hilo la Kikamba halikuandikwa kwenye mwongozo wowote. Alilitia yeye, sekunde mbili tu, kisha akaendelea na somo.

Nadhani hapo ndipo sisi wa mjini tunapokosea mjadala. Tunauliza kama mwalimu awe huru ama afuate mwongozo, wakati mwalimu wa watoto 60 asiye na mpango hana uhuru wowote, ana kelele tu. Asomi wa Mulango walikuwa na mpango. Waliofuata walipokonywa mpango wakaachiwa lugha ngeni. Tusome iliurudisha mpango, ikaongeza kitabu kwa kila mtoto na mtu wa kuja kutazama. Vitu hivyo vitatu vikitembea pamoja, watoto wanasoma. Kimoja kikikosa nauli, viwili vinavyobaki haviendi mbali. Hilo tuliliona miaka ya 60.

Ninaliandika sasa kwa sababu nauli ndiyo iliyo mashakani. Tusome ilikabidhiwa serikali, na vitabu vyake vikaingia katika mtaala mpya. Kisha mwaka 2025 Marekani ikalifunga shirika la USAID, lililolipia sehemu kubwa ya kazi hii tangu mwanzo. Kitabu cha gredi ya kwanza hakina maisha marefu mikononi mwa mtoto wa miaka sita anayekibeba kwenye mfuko wa plastiki kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, juani na wakati wa mvua. Lazima kichapishwe tena. Mwalimu mpya aliyehamishiwa Zombe mwezi jana lazima afunzwe. Afisa wa tableti lazima apande pikipiki, na pikipiki hainywi sera.

Januari watoto wengine wataingia gredi ya kwanza huko. Wazazi wao watasikia kwaya kutoka barabarani na kufurahi. Wewe uliye na ndugu, mpwa ama rafiki katika shule kama hiyo, ukienda nyumbani likizo, uliza mambo matatu kwa mwalimu mkuu, kwa heshima na bila haraka: vitabu vimefika vingapi kwa watoto wangapi, walimu wa gredi ya kwanza wana mwongozo, na mara ya mwisho afisa kukaa darasani ilikuwa lini. Majibu yakiwa mabaya, si ya kumlaumu mwalimu mkuu. Ni ya kupeleka kwa mbunge, kwa bajeti, kwa yule anayekuja kuomba kura na kula. Halafu mchukue mtoto mmoja chini ya mti, ufungue kitabu katikati.